Milimita Tatu

Salvina ana mdomo mzito, na waliomfahamu utotoni watakuambia hakuwa hivyo. Kazi ndiyo iliyomfunga mdomo. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akipima watu kwa altrasaundi katika hospitali moja ya Moshi mjini, kwenye chumba chenye pazia zito na taa hafifu, na humo amejifunza jambo ambalo chuoni hawakumfundisha: mgonjwa hatazami kioo cha mashine, anakutazama wewe usoni. Ukikunja kipaji cha uso kidogo tu, mwenzako ameshajizika. Kwa hiyo Salvina akipima uso wake hausemi kitu. Wajawazito humwona ana roho mbaya. Wanamuuliza ni wa kike au wa kiume, naye anajibu, "Mzima," basi, anawapa karatasi wajifute jeli. Wenzake wanamtania kwamba hata shetani akilala pale kitandani atatoka bila kujua kama ana mapembe.

Kwao ni Kilema, juu mlimani, kwenye kihamba cha baba yake, Mzee Filemon. Ni kahawa na migomba, nyumba ya matofali yenye veranda, na ubavuni unapita mfongo, ule mfereji wa wazee wa kuteremsha maji ya mlimani mpaka mashambani. Mzee Filemon alikuwa mwenyekiti wa mfongo huo kwa miaka ishirini na ushee. Yeye ndiye aliyepanga zamu: nani afungulie maji siku gani, kwa saa ngapi. Mdogo wake wa tumbo moja aliwahi kufungulia siku isiyo yake, mzee akamzibia mbele ya watu, wakanuniana mwaka mzima. Mtu wa haki, walisema waliopata maji. Mtu mgumu, walisema waliokosa. Mimi nasema alikuwa vyote viwili, na haki ya mtu mgumu huwa inamrudia nyumbani.

Alizaa watatu. Godlove ndiye mkubwa, yuko Dar es Salaam, anatoa mizigo bandarini, ana gari na sauti. Jovin ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya kule kitinda mimba habanduki, anabaki na wazazi kwenye kihamba. Salvina yuko katikati, msichana peke yake, kaolewa Machame, upande mwingine wa mlima. Na msichana wa Kilema akishaolewa Machame neno lake kwao linapungua uzito. Akisimama kwenye kikao cha ukoo watamsikiliza vizuri, watatikisa vichwa, kisha mjomba mmoja atasema, "Hayo ni ya Machame hayo," watu watacheka, na jambo limeisha hapo.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, Mzee Filemon alishuka mjini kumletea binti yake mkungu wa ndizi mshare. Alipouweka chini akajishika ubavu wa kulia. Salvina akamuuliza vipi. Akasema si kitu, kuna uzito tu chini ya mbavu, una miezi miwili. Miezi miwili, na hakumwambia hata mkewe. Saa ya chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu, Salvina akamlaza baba yake kitandani, akampaka jeli na kupitisha kichwa cha mashine juu ya ini.

Akauona. Ulikuwa uvimbe mmoja, wa duara, upande wa kulia. Akaweka alama moja ukingoni huku, nyingine ukingoni kule, mashine ikamwambia sentimita nne nukta nne. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, kwa sababu ndivyo anavyofanya kwa kila mtu. Mzee alikuwa anamtazama usoni muda wote huo, na uso haukusema kitu.

"Nina nini?"

"Kuna kitu kwenye ini, baba. Lazima tupime zaidi."

"Kikubwa?"

"Bado si kikubwa," akasema Salvina, na lile neno *bado* lilimtoka kabla hajalizuia.

Wakampima damu, wakampiga picha ya kompyuta. Majibu akayatoa Daktari Usha, bingwa wa maini, mtoto wa Moshi hiyohiyo, babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Ilikuwa saratani ya ini. Imetokana na kirusi cha homa ya ini B, ambacho huenda mzee alikuwa nacho tangu utoto bila kujua. Kijijini, bila shaka, walishajua chanzo chao: pombe. Mtu aliyekunywa kata moja ya mbege Jumapili baada ya misa, tena akiibembeleza mpaka jioni! Lakini watu wakitaka kukuhukumu hawahitaji ushahidi, wanahitaji benchi la kukalia tu.

Hapo ndipo bahati ilipobisha hodi, na ninaiita bahati kwa makusudi, kwa sababu si kila mgonjwa wa ini hukutana nayo. Daktari Usha alikuwa anaongoza utafiti. Dawa ya saratani ikipigwa mshipani inazunguka mwili mzima. Inamnyonyoa mtu nywele, inamchubua kinywa, na kwenye uvimbe wenyewe inafika kidogo tu. Katika utafiti ule dawa inaingizwa pamoja na vipovu vya gesi vidogo kama chembe za damu. Vikifika kwenye ini, mtu wa altrasaundi anaelekeza mawimbi pale penye uvimbe na si pengine. Vipovu vinatikisika, vinapasuka, na vikipasuka vinalegeza kuta za mishipa ya uvimbe, dawa inapenya palepale badala ya kupita njia. Walihitaji wagonjwa kumi na wawili. Na wa kuelekeza hayo mawimbi walikuwa wawili, mmoja wao Salvina. Alikuwa amefundishwa miezi mitatu.

Masharti yalikuwa magumu. Uvimbe uwe mmoja, mshipa mkubwa wa ini uwe wazi, na ukubwa usizidi sentimita tano. Zaidi ya hapo hatari ya kuvuja damu ndani kwa ndani inakuwa kubwa kuliko faida. Daktari Usha hakuficha lolote. Alisema hakuna anayeahidi kupona, huu ni utafiti. Lakini alimtazama Salvina akamwambia, "Mlete mapema. Hii ya baba yako inakua."

Jumamosi ile Salvina akapanda Kilema. Akamkuta mzee anapogoa kahawa. Akamsalimia, "Shikamoo, baba," akaketi kwenye gogo, akatafuta namna ya kumweleza mtu aliyesoma mpaka darasa la nne mambo ya vipovu na mawimbi. Akaipata.

"Baba, wewe ni mtu wa mfongo. Ukitaka maji yaingie kwenye shamba moja tu, unafanya nini?"

"Naziba kwingine, nafungulia pale."

"Basi dawa ni maji. Mwili wako ni mashamba. Mimi na mashine yangu ndio tunaofungulia pale penye ugonjwa."

Mzee akaacha kupogoa. Alielewa papo hapo, tena kuliko madaktari wanafunzi ambao Salvina amewaeleza mara tano. Akacheka kidogo, akasema, "Kumbe umekuwa mwenyekiti wa mfongo, mama." Salvina akafurahi. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kusikia baba yake akiifananisha kazi yake na ya kwake. Akadhani amemaliza.

"Lakini zamu ya maji haichukuliwi na mtu mmoja," mzee akaendelea. "Watu wanakaa. Wakishakaa, ndipo unapofungulia. Hili si la kunywa panadoli, hili ni la ukoo. Godlove anakuja Desemba. Tutakaa."

"Baba, Desemba ni mbali."

"Mwezi wa tisa unakwisha. Kuna wa kumi, wa kumi na moja, halafu wamefika. Mbali wapi?"

Usimlaumu haraka. Kule mlimani Desemba si mwezi, ni bunge. Wachagga walioko Dar, Arusha, Mwanza, mpaka walioko nje ya nchi, wote wanapanda nyumbani. Mipaka ya vihamba inasuluhishwa Desemba, posa zinazungumzwa Desemba, waliogombana wanapatanishwa Desemba. Jambo kubwa likiamuliwa mwezi wa kumi na watu watatu, hilo limeibwa, halikuamuliwa. Mzee Filemon alikuwa ameishi hivyo miaka sabini na miwili na ilikuwa imemfaa. Ila saratani si ya ukoo wowote, na haikuwa na habari na Desemba ya mtu.

Salvina akamwendea mama yake jikoni. Mama Mektrida alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Mimi niseme nini? Baba yako ameshasema."

"Mama, anaumwa yeye, lakini atakayebaki ni wewe."

"Najua nitakayebaki ni mimi," mama akajibu, akaendelea kumenya.

Akampigia Godlove simu. Sitaki umchukie Godlove. Alimpenda baba yake, na dawa zote za mzee za presha zilitoka mfukoni kwake. Lakini alikuwa mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza aliyeko mbali huwa anaogopa kitu kimoja, kuamuliwa mambo asipokuwepo.

"Utafiti?" akasema. "Yaani majaribio. Wamekosa wa kumjaribia mpaka baba yetu?"

"Kaka, dawa ni ileile inayotumika siku zote. Kipya ni namna ya kuifikisha."

"Salvina, mimi sijakataa. Nasema tusikurupuke. Haraka haraka haina baraka. Nakuja tarehe ishirini na tatu, tarehe ishirini na sita tunakaa, tunaamua kwa kauli moja. Na wewe usimsukume mzee. Umesikia?"

Alisikia. Hilo ndilo kosa lake, kama unataka kujua kosa lake ni lipi: alisikia. Mwezi wa kumi akapanda tena Kilema akamweleza mzee upya, ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Mwezi wa kumi na moja akaja na karatasi za utafiti, mzee akazipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye bahasha pamoja na hati za kihamba, akasema zitasomwa kwenye kikao. Angeweza kulia. Angeweza kumchukua Daktari Usha akapanda naye. Angeweza kumdanganya mzee kwamba ni kipimo cha kawaida tu. Hakufanya hata moja. Alikuwa amelelewa na mwenyekiti wa mfongo, na mtoto wa mtu huyo hafungulii maji ambayo hajapewa zamu.

Daktari Usha naye akafanya alichoweza. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wameshaingia. Nafasi ya kumi na mbili akaishikilia. Kulikuwa na mama mmoja wa Kwa Sadala, muuza mbogamboga, mwenye uvimbe wa sentimita nne nukta nane, anangoja kama akiba. "Nitamshikia baba yako mpaka Januari," daktari akamwambia Salvina. "Lakini na yule mama ana watoto." Salvina akashukuru, akaona aibu, na hakujua aibu ile ni ya nini hasa.

Desemba ikafika, magari yakapanda. Godlove akaja na mke na watoto na kreti za soda. Mzee alikuwa amepungua, shati lilikuwa linamning'inia, lakini alikuwa na furaha, na watu wakasema ama kweli wajukuu ni dawa. Tarehe ishirini na sita wakachinja mbuzi, wanaume wakachoma maini kwanza kama ilivyo ada, wakamkatia na mgonjwa kipande. Kikao kikakaa uani kuanzia saa nne asubuhi. Kwanza wakamaliza habari ya mpaka wa Jovin na jirani. Saa tisa ndipo wakafika kwenye ini la Mzee Filemon.

Godlove akasimama. Akaeleza habari ya dawa na vipovu na mawimbi, vizuri sana, neno kwa neno kama alivyoelezwa na dada yake kwenye simu, mpaka na mfano wa mfongo akautoa. Wazee wakatikisa vichwa. Mjomba akasema, "Godlove umesoma, mwanangu." Kwa kauli moja wakaamua mzee aende. Salvina alikuwa amekaa na wanawake kwenye mkeka. Hakuna aliyemuuliza kitu, ila shangazi mmoja aliyemwomba apitishe chumvi.

"Basi kesho nishuke naye," akasema kikao kilipokwisha.

Godlove akamtazama kama mtu aliyesahau kitu. "Kesho? Na jubilei?"

Ndiyo, ilikuwepo jubilei. Mzee Filemon na Mama Mektrida walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, misa ya shukrani imeshapangwa na paroko kwa Jumapili ya kwanza ya Januari, kadi zimeshasambazwa, mbege imeshaanza kuchachuka kwenye mapipa. Ungemwambiaje mtu avunje? Siku tisa tu, walisema. Siku tisa zina nini? Waswahili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani alikuwa na muda wa kuwasikiliza Waswahili siku ile, na ngoma inalia.

Misa ilipendeza. Mzee alivaa suti ya kijivu iliyokazwa kwa pini mgongoni.

Jumanne wakashuka mjini, mzee, Godlove na Salvina. Kwa kawaida ndugu hubaki nje ya kile chumba, lakini Godlove hakubaki. Akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha dada yake, mikono mifukoni, anakitazama kioo.

Salvina akapaka jeli. Mshipa mkubwa ulikuwa wazi. Akapata matumaini. Uvimbe ulikuwa bado mmoja. Akaweka alama huku, akaweka alama kule. Sentimita tano nukta tatu.

Akapima tena. Tano nukta mbili. Akapima mara ya tatu, ikarudi tano nukta tatu. Na kanuni ya utafiti ilikuwa inajulikana kwa wote wawili wanaopima: unaandika kipimo kikubwa.

Milimita tatu. Nenda katazame rula ya mtoto wa shule uone milimita tatu ni nini. Ni Krismasi, ni mbuzi, ni mpaka wa Jovin, ni kadi za jubilei. Salvina alikuwa anajua, kuliko mtu yeyote katika mkoa ule, kwamba ukingo wa uvimbe kwenye kioo si mstari wa kalamu. Unafifia. Ukiivuta alama ndani kidogo, hapa palipo na ukungu, hakuna atakayekuuliza. Daktari Usha alikuwa anaziamini namba zake kwa macho yaliyofumbwa. Mkono wake ukaivuta alama ndani. Kioo kikaandika nne nukta tisa.

Ikakaa pale. Godlove akaiona. Mzee alikuwa anatazama dari.

Salvina aliwaza damu inayovuja tumboni mwa baba yake kwa sababu ya vipovu alivyovipasua yeye. Alimwaza pia yule mama wa Kwa Sadala, nne nukta nane, ambaye hakuhitaji kuvutiwa alama na mtu. Na aliwaza kwamba amechoka, kwamba miezi mitatu mizima hakuna aliyemhitaji, na leo wanauhitaji mkono wake uibe.

Akafuta. Akaweka alama mahali pake, akaandika tano nukta tatu.

"Rudisha," Godlove akasema kwa sauti ya chini.

"Haiwezekani, kaka."

"Nimeiona kwa macho yangu. Nne nukta tisa. Rudisha."

"Haikuwa kweli."

"Huyu ni baba yako!"

Mzee Filemon akageuza kichwa akauliza kuna nini. Salvina akamfuta jeli tumboni kwa karatasi, taratibu, akamwambia wamemaliza kupima.

Daktari Usha alimpokea mzee ofisini kwake akamweleza kwa heshima kwamba utafiti umempita, lakini matibabu mengine yapo, wasikate tamaa. Wakampa dawa ya kawaida, ile inayozunguka mwili mzima. Ikamtesa mwezi wa pili na wa tatu, mpaka akaomba iachwe. Yule mama wa Kwa Sadala akaingia nafasi ya kumi na mbili wiki ileile, na aliyeelekeza mawimbi kwenye ini lake alikuwa Salvina.

Kule Kilema habari ilitangulia kabla gari halijapoa. Dada yao alikuwa ameshaandika nne nukta tisa, akafuta kwa mkono wake. Godlove aliisema mara moja tu, nadhani, akiwa na uchungu, lakini neno kama hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Hakuna aliyekumbuka tena mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja. Binti ambaye Septemba hakuwa na sauti hata ya kumpeleka baba yake hospitali, Januari akawa na nguvu ya kumuua kwa milimita tatu. Mjomba akasema Wamachame wana roho ngumu, safari hii hakuna aliyecheka. Jumatano ya Majivu ya mwaka ule, shangazi mmoja alimpa mkono wa amani kwa vidole tu. Hata Jovin, ambaye hana neno na mtu, alianza kumwita "dada" kwa ile sauti ya kumwita mgeni.

Yeye hakujitetea. Alitaka, Mungu anajua alivyotaka. Lakini kujitetea kungekuwa kusema, *ninyi ndio mliongoja,* na angemwambia nani? Mama yake? Baba yake kitandani? Basi akapanda Kilema kila Jumamosi, akabadilisha shuka, akapima joto. Kuna siku alikuwa akishuka mlimani anamchukia Godlove, na siku nyingine anajichukia mwenyewe, na siku mbaya zaidi alikuwa anamchukia mzee.

Mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, alimkuta Mzee Filemon ameamka, macho ya njano, tumbo limejaa maji, akili timamu. Mzee akamwomba mto mwingine akae vizuri. Walipobaki wawili akauliza:

"Yule aliyechukua nafasi yangu, anaendeleaje?"

Salvina hasemi habari za mgonjwa mmoja kwa mwingine. Hajawahi. Siku ile akasema. "Uvimbe umepungua, baba. Ulikuwa nne nukta nane, juzi nimepima tatu nukta sita. Ameanza kurudi sokoni."

"Ana watoto?"

"Wanne."

"Vizuri," mzee akasema, na alimaanisha. Akafumba macho. Salvina akadhani amesinzia. Kisha mzee akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza jambo ambalo kweli halielewi:

"Lakini wewe ulijua. Mwezi wa tisa ulijua."

"Nilikuambia, baba."

"Uliniambia." Akavuta pumzi. "Uliniambia, halafu ukanitii. Nani alikuambia unitii?"

Salvina akaacha kukunja shuka. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kutii kwa fimbo ya mti wa kahawa, aliyemsimamisha mlangoni akiwa na miaka saba mpaka aseme *ndiyo, baba* kwa sauti inayosikika. Alimtazama usoni akitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anangoja jibu. Salvina akamwekea mto sawa, akainuka.

Alipotoka, Mama Mektrida alikuwa amesimama ukumbini.

"Baba yako amesema nini?"

"Ameomba maji," Salvina akasema, akaenda jikoni kuyachota.